Moto Uliovuka Miiba



Neno la juma hili lipo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 5 na wa 6. Wengi wetu tukifika huko tunafunua kurasa haraka. Amri Kumi zimeshapita, ngurumo za Sinai zimetulia, na sasa Musa ameketi na kesi za kijijini: ng'ombe aliyempiga mtu pembe, shimo lililoachwa wazi punda akatumbukia, kondoo aliyeibwa akachinjwa. Mimi huzipenda sura hizi kuliko ngurumo. Mungu aliyeigawanya bahari ana nafasi ya kusikiliza habari ya punda wa mtu.

Katika mstari wa 5 mtu ameachia mifugo yake, ikaingia shamba la jirani na kulimaliza. Atalipa, tena kwa mazao mazuri ya shamba lake, asichague yale aliyokuwa anataka kuyatupa. Katika mstari wa 6 mtu amewasha moto. Moto umeshika miiba, umevuka, umeunguza ngano ya mwenzake, iliyovunwa na iliyosimama shambani. Aliyeuwasha analipa.

Tazameni ambacho Torati haikuuliza. Haikuuliza kama alikusudia. Pengine alikuwa anasafisha shamba lake kabla ya mvua, kama tunavyofanya wote, upepo ukageuka. Haitwi mwovu, hafungwi, hachapwi. Lakini pia hakuna mahali anapoambiwa amwonee huruma jirani yake au amsaidie kadiri atakavyojaliwa. Anaambiwa alipe. Na yule aliyeunguliwa hatakiwi kwenda kupiga hodi kwa mwenye moto akiwa na barua ya maombi, amueleze jinsi familia yake inavyoteseka na jinsi atakavyozitumia fedha kwa uaminifu. Shamba lake limeungua, na hilo linatosha.

Nimelichagua neno hili kwa sababu ya barua. Baraza la wazee wa usharika wetu lilikutana kujibu barua kutoka usharika rafiki wa Ujerumani. Wamesikia habari za mafuriko ya huku, wametupa pole, wanauliza tunahitaji nini. Ni watu wema, na urafiki wetu nao una miaka mingi. Majibu yalikuja haraka, kama kawaida yetu: tanki la maji la shule ya chekechea, mabati, karo za watoto. Katibu alikuwa ameshaanza kuandika. Ndipo mama mmoja, mzee wa kanisa anayeuza mitumba hapo sokoni Kiboriloni, akaniuliza: "Baba Mchungaji, hapa tunaomba sadaka au tunadai deni? Maana daftari langu lina pande mbili. Aliyenipa nampokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Aliyekopa akilipa namkata jina tu, tunaendelea na biashara."

Kikao kikanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema tuangalie tusije tukawaudhi marafiki, watoto wanaosomeshwa wakaishia njiani. Tukafunga kwa sala bila kumaliza.

Anayelijua soko la Kiboriloni anajua mama huyu aliitoa wapi hesabu yake. Belo hununuliwa likiwa limefungwa. Kamba zikikatwa, nguo zinafumuka, na hapo ndipo bahati ya mtu inapoonekana. Hutoka vizuri: makoti mazito ya baridi, suruali za theluji, glovu zenye manyoya ndani. Hivyo vinagombewa na vijana wa mlimani, wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, kwa kuwa usiku wa kambi ya Barafu hauna huruma na mtu aliyevaa sweta la shule. Koti la mtoto wa Hamburg linapanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mgongoni mwa kijana wa Old Moshi, juu yake mzigo wa mgeni mwingine. Halafu hutoka vilivyochoka: zipu zilizokufa, soksi zenye matundu, fulana iliyomwagikiwa rangi ya nyumba. Bei ya belo ni ileile. Hasara ni ya aliyelifungua. Matambara yasiyouzika hata kwa bei ya kutupa, mengine huishia jalalani, mengine mtaroni, na masika ikifika mtaro ulioziba unayarudisha maji vibandani. Aliyeiweka ile soksi kwenye sanduku la hisani kule kwao alijua ametoa sadaka. Simlaumu. Hakuuona mtaro wetu.

Sasa tuyainue macho mlimani.

Wageni wakija huku, habari yao kubwa ni theluji. Na kweli inaisha. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, katika safari ambayo watu wa Marangu wanasema kiongozi wao alikuwa Yohani Kinyala Lauwo, Kibo kilikuwa kimevaa barafu. Kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu hiyo lilipungua kwa takribani asilimia 85, na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba iliyobaki huenda itatoweka ifikapo 2050. Wataalamu hawasemi kitu kimoja kuhusu chanzo. Wapo wanaoonyesha kwamba hewa ya juu ya mlima ilianza kukauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, kabla dunia haijajaa magari. Sioni sababu ya kulificha hilo. Ukweli wetu hauhitaji kutiwa chumvi.

Ila maji tunayokunywa hayatoki kwenye ile barafu, au yanayotoka huko ni kidogo mno. Yanatoka msituni. Andreas Hemp, mtafiti wa Kijerumani aliyeutembea mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba ukanda wa juu wa msitu, kwenye ile miti yenye ndevu ambako mawingu hulala, hunasa ukungu na kuugeuza kuwa maji ya ardhini. Moto ukiula ukanda ule, mlima unapoteza maji mengi kuliko yale yanayopotea kwa barafu kuyeyuka. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilitaja takribani hekta 13,000 za msitu wa Kilimanjaro zilizopotea tangu 1976. Barafu inapigwa picha kila siku. Mfongo uliokauka, ule mfereji ambao mababu waliuchimba kwa mkono ukapita juu ya makorongo hadi kwenye kihamba, hauna anayeupiga picha, na mama anayerudi na ndoo tupu hauzwi kwenye kadi za posta.

Mnaukumbuka moto wa Oktoba 2020. Ulianza tarehe 11 eneo la Whona, kwenye njia kati ya kambi za Mandara na Horombo, na usiku tuliuona kutoka huku chini kama mstari mwekundu uliokaa pabaya. Askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi walipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Uliteketeza takribani kilomita za mraba 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukawaka mwingine upande wa Karanga. Kuhusu ule wa kwanza, taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, zilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula, upepo ukauchukua moto. Hakuna Mjerumani wala Mmarekani aliyewasha kiberiti pale. Kwa hiyo mstari wa 6, kabla haujasafiri kwenda Ulaya, unapitia kwetu. Unamgusa mrina asali anayefukuza nyuki kwa moto na kuuacha, unamgusa anayekata mkaa kwenye ukanda wa msitu wa Nusu Maili, na unamgusa aliyejenga ukuta ukingoni mwa Mto Rau, maji yakakosa pa kupita yakaenda kwa jirani asiye na ukuta. Hao wote ni waumini wetu. Baadhi yao wanaimba kwaya.

Lakini warina asali walikuwepo enzi za mababu, na mioto ya namna hii haikuwa ikikimbia hivyo. Moto uleule ukiangukia msitu mbichi unakufa, ukiangukia msitu uliokauka kwa kiangazi kirefu unakula mlima. Hapo ndipo moto wetu mdogo unapokutana na moto mkubwa, ambao umewashwa kwa zaidi ya miaka 150 kwenye viwanda, mitambo ya umeme, ndege na magari ya nchi zilizotangulia kutajirika. Mtanzania mmoja kwa mwaka hafikii hata nusu tani ya hewa ya ukaa. Mjerumani hufikia takribani tani 7, Mmarekani takribani 14. Walipouwasha hawakukusudia kutuunguza. Miaka mingi ya mwanzo hawakujua. Musa angewaelewa kabisa, halafu angewauliza watalipa lini.

Naomba niwakumbushe juma moja la mwaka 2023, kwa sababu sijawahi kuliona juma lililosema wazi namna hii. Alhamisi ya tarehe 30 Novemba mkutano wa dunia wa tabianchi, COP28, ulifunguliwa Dubai, na siku hiyohiyo ya kwanza wajumbe wakakubaliana kuanza kazi kwa Mfuko wa Hasara na Uharibifu. Nchi maskini, na hasa za visiwa, zilikuwa zikiudai mfuko wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Watu walisimama wakapiga makofi. Falme za Kiarabu zikaahidi dola milioni 100, Ujerumani milioni 100, Marekani milioni 17.5. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang' iliyoshiba mvua iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka Katesh na vijiji vya jirani watu wakiwa vitandani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia alikuwa Dubai, kwenye mkutano huohuo, akakatisha safari kurudi kuzika watu wake.

Sitasema kwamba kila tope la Katesh lilitoka kwenye bomba la moshi la Ulaya. Milima imeporomoka tangu Nuhu, na ule ulikuwa mwaka wa El Niño. Wanasayansi waliozichunguza mvua za msimu huohuo kwa majirani zetu wa Kenya, Somalia na Ethiopia walikuta kwamba ongezeko la joto la dunia liliziongezea nguvu, pengine hadi mara mbili. Hicho ndicho kiasi ninachoweza kusema nikiwa nimevaa kola hii. Lakini fikirini waliolipa. Waliozika Katesh walilipa siku ileile, taslimu. Watanzania walilipa: malori ya unga, maharage, magodoro na nguo yalitoka kila mkoa, makanisa na misikiti ilipitisha vikapu, serikali ikagharamia mazishi na baadaye ikajenga nyumba. Mfuko wa Dubai wakati huo ulikuwa bado hauna hata ofisi. Ahadi zote za mkutano ule, ukizijumlisha, hazikuzidi sana dola milioni 700 kwa dunia nzima, na Machi 2025 Marekani ikajiondoa kwenye bodi ya mfuko wenyewe.

Ahadi hizi zina historia. Mwaka 2009 kule Copenhagen mataifa tajiri yaliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Zilitimia 2022, na kwa hesabu zao wenyewe sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Nisikilizeni hapo. Moto wa mtu umeunguza shamba lako, naye anakuja kukukopesha mbegu kwa riba. Mwaka 2024 huko Baku nchi zinazoendelea ziliomba trilioni 1.3 kwa mwaka, zikapewa ahadi ya bilioni 300 ifikapo 2035. Na hizo pia zinaitwa msaada, na siku zikifika kutakuwa na bendera, hotuba na wanafunzi wamepangwa mstari kuimba.

Mama wa mitumba ana mwenzake katika Injili ya Luka, sura ya 19, ingawa mwenzake huyo alikuwa upande wa pili wa daftari. Wahubiri tunampenda Zakayo, yule mtoza ushuru, kwa sababu ya mkuyu. Ufupi wake unatuchekesha, tunakaa juu ya mti naye dakika ishirini, tukiteremka muda umekwisha. Ila jambo kubwa lilitokea ndani ya nyumba, alipoanza kupiga hesabu mbele ya Yesu. Alisema mambo mawili, na akayatenga. Nusu ya mali yake aliwapa maskini. Kisha wale aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Hakusema kwamba ile nusu imeshawajumuisha waliodhulumiwa. Na mara nne hakuitunga: ipo katika Kutoka 22, mstari wa kwanza, mistari michache tu kabla ya ule wa moto, pale mwizi wa kondoo anapoambiwa arudishe kondoo wanne. Mtoza ushuru yule alikuwa anaijua sura yake. Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile akiwa ameshasikia hesabu zote mbili.

Kanisani kwetu hatuwezi kushangaa. Mnajua sadaka ya ibada ina kapu lake, fungu la kumi lina bahasha yake, sadaka ya jengo ina yake, na yale mazao ya mnada baada ya ibada yanaandikwa kwenye kitabu kingine. Mtunza hazina akimwaga vyote pamoja tutamwita kwenye kikao, hata kama hakuchukua senti. Ndivyo inavyofanyika duniani sasa. Fidia na hisani vimemwagwa kapu moja, kapu likaitwa msaada wa maendeleo, na mwenye shamba lililoungua anafundishwa kusema asante.

Je, deni la namna hii linadaika? Nitawapa habari ya mlima mwingine. Katika mji wa Huaraz, nchini Peru, yupo mkulima ambaye pia huongoza wapanda milima, anaitwa Saúl Luciano Lliuya. Angezaliwa Marangu tungemwona kila siku getini na fimbo zake. Juu ya mji wake kuna ziwa linaloitwa Palcacocha, linajaa kwa kuwa barafu ya mlima inayeyuka, na likipasuka litashuka kwenye nyumba za watu. Mwaka 2015 alifungua kesi Ujerumani dhidi ya RWE, kampuni kubwa ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Hakuidai dunia nzima. Ilikuwa imekadiriwa kwamba kampuni ile imetoa asilimia 0.47 ya hewa chafu yote ya viwandani, naye akataka ilipe asilimia 0.47 ya gharama ya kuulinda mji wake, takribani euro 17,000. Mwaka 2022 majaji wa Kijerumani walisafiri hadi Peru, wakapanda kuliona ziwa kwa macho yao. Tarehe 28 Mei 2025 Mahakama ya Rufaa ya Hamm ilitoa hukumu: alishindwa. Walisema hatari kwa nyumba yake mwenyewe haikuwa imethibitika kuwa kubwa ya kutosha. Ila katika hukumu hiyohiyo wakasema kwamba, kimsingi, mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa kwa madhara yaliyotokea upande wa pili wa dunia. Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikatoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na anayeuvunja anaweza kutakiwa kulipa fidia. Jambo lile lilianzishwa na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki mwaka 2019, likachukuliwa na Vanuatu, nchi yenye watu wachache kuliko Wilaya ya Moshi.

Kwa hiyo mama yule hakuuliza swali la sokoni tu. Majaji wa The Hague wamelijibu, na wamejibu kama Musa.

Kuna kitu kimoja cha ziada katika habari ya Huaraz. Mkulima yule hakwenda Ujerumani peke yake. Waliomsindikiza walikuwa Wajerumani, watu wa shirika la Germanwatch, na gharama zililipwa na wafadhili wa hukohuko. Walisimama na mgeni kuishtaki kampuni ya nchi yao, ambayo huwasha taa za nyumba zao. Huo nauita mshikamano. Koti la baridi ni zuri na kijana wetu atalivaa, lakini mtu aliyesimama mahakamani kwao kwa ajili ya nyumba isiyo yake amefanya kitu ambacho hakifungwi kwenye belo.

Na tusisahau kwamba nao wanaunguliwa. Julai 2021 mvua ilishuka Ujerumani magharibi, Bonde la Ahr likajaa usiku mmoja, na nchi ile ikapoteza zaidi ya watu 180. Waliokufa humo ni pamoja na watu 12 wa nyumba moja ya kuwatunza wenye ulemavu katika mji wa Sinzig, walioshindwa kupanda ghorofani kwa wakati. Bibi wa Kijerumani anayetufumia masweta kila mwaka si RWE. Hakuna kampuni inayomuuliza maoni yake. Lakini ana kura, ana mbunge, anasikika mahali ambapo sisi hatusikiki. Akituuliza tunahitaji nini, tunamdhulumu tukimjibu "tanki" peke yake, kana kwamba hana uwezo wa zaidi.

Wazee wangu wa Old Moshi wataniuliza habari ya isale. Ndiyo, nimelifikiria. Jani lile linalotuonyesha mipaka ya vihamba ndilo mwenye kosa hulichukua kwenda kuomba msamaha, na kwa mila yetu ukiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Mimi ni mhubiri wa msamaha, sina mpango wa kuubadilisha kuwa uwakili. Ila mnajua jinsi isale linavyotembea. Mwenye kosa ndiye anayeinuka, anakwenda na wakubwa wake hadi kwa aliyekosewa. Aliyekosewa hazunguki nchi za watu kutafuta nani atamletea. Na lile jani linafungua mlango tu. Wakishaingia ndani wanaketi, wanazungumza mbuzi na mbege. Kwa zaidi ya miaka 30 wajumbe wetu wamepanda ndege kila mwaka kwenda kwenye mikutano kusubiri mlangoni.

Upande wetu tuna kazi, na tumeionja. Askofu Fredrick Shoo aliitwa "askofu wa miti" kwa sababu ya miche aliyohimiza ipandwe kwenye miteremko hii, na wengi wenu mliipanda mikono ikiwa na matope. Iendelee, na zaidi ya kupanda, tuitunze ile ya ukingoni mwa mito; mche uliopandwa kwa picha na kuliwa na mbuzi juma linalofuata sihesabu. Lakini msidanganyike kwamba miti yetu inalipa deni la mwingine. Wapo sasa wanaokuja na mikataba ya biashara ya kaboni: wapewe msitu wetu kwa miaka mingi, wauhesabu kwenye vitabu vyao, waendelee kuchoma makaa kwao. Mikataba mingine ni ya haki na vijiji vimenufaika. Mingine ni mtu anayetaka kuendelea kuwasha moto na kukulipa wewe ulinde miiba. Viongozi wa mitaa mlio washarika, someni kabla ya kutia sahihi.

Sasa barua. Baraza limekutana tena Jumatano, na rasimu tuliyokubaliana ina aya nne. Ya kwanza inawapa pole ya mafuriko yao, ambayo, naona aibu kusema, hatukuwahi kuwapa. Ya pili inaomba tanki la shule ya chekechea, na imesema wazi kwamba hiyo ni sadaka na tutaishukuru. Ya tatu inawaomba wamuulize mbunge wao juu ya ahadi ya nchi yao kwenye Mfuko wa Hasara na Uharibifu, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi, na ni ruzuku au mkopo. Ya nne inaeleza tunachofanya sisi kuhusu moto na kingo za mto, pamoja na tulichoshindwa. Mama wa mitumba ndiye aliyeiandika aya ya tatu; katibu alirekebisha koma mbili.

Itasomwa Jumapili hii baada ya ibada ya pili, kabla ya mnada, kwa hiyo msikimbilie ndizi. Mwenye neno aje ofisini kabla ya Ijumaa inayofuata. Mzee aliyeogopa tutawaudhi marafiki bado anaogopa, na hoja yake ina uzito, maana anawajua kwa majina watoto wanaosomeshwa. Nimemwomba aandike aya ya tano mwenyewe, kwa maneno yake, tutaituma kama ilivyo.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi.